Kahawa Iliyoelea Korongoni

Juzi nikitoka shule niliona kahawa imeanikwa kwenye mkeka, nikakumbuka lile korongo la Mabira. Nilikuwa mdogo, na bibi alinipitisha humo kwa sababu lilifupisha njia ya nyumbani. Jua lilikuwa kali, kuta za udongo zilinuka joto, na maji hayakufika hata vifundoni. Mara zikaja kahawa kavu zikielea. Nikaanza kuziokota.

"Tupa hizo, panda juu!" bibi alisema.

"Bibi, hazina mwenyewe."

"Kahawa gani haina mwenyewe? Mvua imewaanulia wenyewe huko mlimani. Panda!"

Nikatazama angani, hakukuwa na wingu. Nikajua ananidanganya ili nisiibe, nikalia. Hakunibembeleza, alinisukuma tu mpaka tukafika kwenye migomba.

Hatukukaa sana, korongo likanguruma. Maji mekundu yalijaa pale tulipokuwa tumesimama, na mkeka wa mtu ukapita umejikunja.

Bibi akanifungua kiganja, akakuta punje tatu.

"Na hizi bado umezishika!"

Alicheka, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mimi nilidhani ni uzee.