Kadi ya Beth, Tumbo la Wacera

Ukitaka kumjua Wacera, muulize askari yeyote wa kaunti aliyewahi kujaribu kubeba jiko lake. Pale Majengo anakaanga viazi mbele ya chumba changu, na mdomo wake unasikika mpaka msikitini. Mimi naitwa Mwende. Nimekuwa jirani yake tangu nihamie Nyeri kutoka Kitui, na tumegombana mara nyingi kuliko tulivyokula pamoja. Sikuwahi kumwona akiogopa mtu. Kwa hivyo siku nilipomwona ameingiwa na hofu kule hospitalini, mimi mwenyewe nilitaka kukimbia.

Wacha nieleze. Wacera alipokuwa na mimba ya binti yake Wakiuru, hakuwa na bima ya afya. Dada yake Beth alikuwa nayo, maana anafanya kazi katika kiwanda cha chai kule Othaya. Hao wawili wanafanana sana, hata mimi huwachanganya wakinipa mgongo. Beth akampa kadi na kitambulisho, na Wacera akaenda akajifungua kwa upasuaji akiitwa Beth. Nani aliona ubaya? Wakati huo tulikuwa tunaazimana kadi kama tunavyoazimana sufuria. Karani anaitupia picha jicho moja, basi, yamekwisha.

Kisha serikali ikasema makaratasi basi. Redio ikatangaza kwamba rekodi za wagonjwa zitaingizwa kwenye kompyuta na kuunganishwa, ukitibiwa Karatina daktari wa Nyeri azione, na kila mtu atatambuliwa kwa kidole chake. Tena aliyetumia kadi ya mwenzake atashtakiwa. Siku hiyo Wacera aliunguza viazi.

"Mwende, ati hata zile za kitambo wataingiza?"

Nikamwambia hizo zimeshaliwa na panya. Kumbe ziliingizwa zote.

Majuzi Beth alikuja kumtembelea akiwa na kidonda mguuni, alikuwa amejikata na jembe. Mguu ulikuwa umevimba mpaka goti. Kabla chai haijachemka, joto likampanda akaanza kuongea na mama yao aliyekufa. Tulimbeba kwa teksi mimi na Wacera, hatukujua kama tutafika naye.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi anayeitwa Khavere, mama mpole. Alikishika kidole cha Beth akakibonyeza kwenye kimashine, na skrini ikafunguka.

"Sawa, tunaye hapa," akasema. "Alijifungulia kwetu."

Wacera akainamisha macho. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mahabusu mgonjwa, na kando yake polisi aliyekuwa akimlinda, ameketi na pingu kwenye mshipi.

Daktari alifika mbio, akasoma skrini, akaandika penisilini, akaitwa kwingine. Khavere akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

"Sista, hiyo hapana!" Wacera akasema. "Beth ako na aleji ya hiyo dawa. Tukiwa watoto alidungwa akakosa pumzi, karibu tumzike."

Khavere akarudi kuangalia skrini. "Mama, hana aleji. Alidungwa hii hii akijifungua, tena mara nyingi, na akaenda nyumbani mzima. Labda unamchanganya na mtu mwingine."

Hakusema kwa madharau. Alikuwa anasoma tu kilichoandikwa.

Woi, mdomo ule wa Wacera! Uliachama usitoe kitu. Alimtazama polisi, akamtazama Beth aliyekuwa akihema kwa shida, akamtazama polisi tena. Nilijua anamwaza Wakiuru, kwamba mama akifungwa mtoto atalala kwa nani. Nami nilikuwa na hofu, na hasira juu yake. Nikamfinya mkono kwa nguvu.

"Sema! Ama niseme mimi!"

"Mseme nini?" Khavere akauliza. Alikuwa ameshaushika mkono wa Beth anaupangusa kwa pamba.

"Si yeye," Wacera akasema. "Huyo mwenye kuzaa ni mimi. Nilikuja na kadi yake."

Khavere alisita. Nadhani kila siku anakutana na ndugu wanaosema lolote ili mtu wao asidungwe. Aliiangalia skrini tena, kana kwamba ingemsaidia kuamua.

Hapo Wacera akapandisha blauzi yake, akashusha mkanda wa sketi, mbele ya yule polisi na mahabusu wake, akaonyesha kovu.

"Ndiyo hii! Sasa mfunue Beth. Mfunue uone kama ako nayo!"

Khavere akamfunua. Tumbo la Beth halikuwa na hata mkwaruzo.

Aliirudisha sindano kwenye sinia. "Mungu wangu," akasema, "ningemuua huku naona nimefanya sawa." Akamwita daktari kwa kelele, na Beth akawekewa dawa nyingine.

Baadaye Khavere aliandika aleji kwa herufi nyekundu. Akasema na yale mengine lazima ayaandike, la sivyo muuguzi mwingine atadanganyika vilevile. Akachukua jina la Wacera na namba yake ya simu. Polisi alikuwa anautazama ukuta.

Beth amesharudi Othaya, anatembea. Watu wa bima hawajapiga simu. Simu ikilia, Wacera anashtuka mpaka mafuta yanamwagika.

Jana Dedan, fundi wa viatu hapa kwetu, aliyekuwa amesikia habari hizo, alikuja akangoja wateja waishe.

"Ukisema, wanakushika hapo hapo?" akauliza polepole.

"Sijui. Mimi bado nangoja. Kwa nini?"

"Ndugu yangu Wamae alitibiwa sukari kwa kadi yangu. Kwenye kompyuta yao, mwenye sukari ni mimi." Akasogea karibu. "Na Wamae alishakufa, Wacera. Nikipelekwa huko siwezi kuongea, ni nani atawaambia sina sukari?"

Wacera aliipua karai, akaniambia niangalie viazi, vilikuwa bado nusu vibichi. Akafunga leso. Kisha akamshika Dedan kiwiko, wakapanda barabara kwenda hospitali.