Baiskeli Mlangoni Siku ya Krismasi

Mwanangu, umeniuliza kwa nini Desemba ikiingia mimi nanyamaza, wakati nyumba nzima ina kelele za pilau na maputo. Kaa hapa kwenye kigoda, hivyo vitunguu haviendi popote. Kuna Krismasi moja ambayo kwangu haijaisha mpaka leo. Nakusimulia kwa sababu asubuhi nimekuona ukimfukuza mtoto jikoni.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wewe hujazaliwa. Tulihamishwa kutoka kwenye miji yetu ya zamani, tukapangwa mistari miwili huku na huku ya barabara, upande huu wa kwenda Kewanja, nyumba zikitazamana kama wanafunzi wanaogombana. Nilikuwa na watoto watatu: Bhoke, mdogo wake Chacha, na Mwita wa mgongoni. Bhoke alizaliwa usiku wa kuamkia Krismasi, nikampa jina la mama yangu. Keki hatukuzijua. Kwa mama yangu, hata hivyo, Krismasi na siku ya Bhoke vilikuwa kitu kimoja, naye alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa bado mchanga.

Mama aliishi upande wa Kenya, ng'ambo ya Sirari. Mwaka ule alituma neno kwa mfanyabiashara mmoja: safari hii nakuja mwenyewe, nataka nimpakate mwenzangu. Alimwita hivyo, mwenzangu, kwa sababu ya jina.

Sasa unajua mambo yetu ya ukwe. Mume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Ni heshima hiyo, chuki haimo. Mama mkwe akija, mkwe anampisha. Asipompisha, ameshasema bila kufungua mdomo kwamba hamtaki. Kwenye mji wa zamani jambo hili halikutusumbua, tulikuwa na boma lenye milango miwili. Mama anakohoa nje ya huu, Marwa, yaani baba yenu, anatokea ule wa ng'ombe. Kijijini tulipewa mlango mmoja, nao unatazama barabara.

Siku ya Krismasi Marwa aliamka mapema kuliko jogoo. Akaifuta baiskeli yake kwa kitambaa chenye mafuta mpaka ikang'aa, akaiegemeza pale mlangoni. Akaniambia, "Mimi naenda kwa kaka kwa miguu, nitashinda huko. Baiskeli naiacha. Mama akirudi jioni, mzigo wake usukumwe mpaka kwenye gari, asijitwishe kichwani." Akaenda. Nilimpenda sana siku ile, mwanangu, nakuambia ukweli.

Mimi nikazama kwenye kazi. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, kuni mbichi, moshi tele. Mwita anaota meno, analia. Chacha kamwaga maji ya kupikia. Shemeji zangu wanakuja kula, na mchele niliupata kwa kusimama foleni duka la kijiji nusu siku. Kichwa changu kilikuwa kwenye sufuria, sikuwa na kingine.

Bhoke alikuwa mbele, anacheza na kengele ya baiskeli. Kriing, kriing, asubuhi yote. Kisha akaja jikoni, akanivuta kanga.

"Mama, kuna bibi kule. Ananichekea."

"Bibi gani?"

"Bibi tu. Amekaa."

Kijiji kilijaa vibibi waliokusanywa kutoka kila kona. Kila mama mzee ni bibi. Nikamwambia, "Nenda kacheze, usiniletee maneno, utaungua." Akaenda. Baadaye akarudi tena, hata kusema sikumwacha. Nilimwonyesha mlango kwa mwiko.

Alasiri shemeji wamekula wameondoka, mimi naangalia barabara, mama haonekani. Ndipo akaja Mama Gati wa nyumba ya mbele, mgeni pale kijijini, alihamia baada ya mavuno. Mkononi ana kifurushi.

"Mama Bhoke, yule mama mzee ameacha hiki."

"Mama mzee yupi?"

"Si aliyekaa kwangu tangu asubuhi? Aliniuliza kama mwenye baiskeli yupo. Nikamwambia, baiskeli si ile mlangoni. Nikataka kukuita, akanikataza. Akasema, acha, nisimwaibishe mwanangu mbele ya mume wake siku ya sikukuu, nitangoja atoke. Mimi nikaenda kanisani. Nimerudi nikamkuta bado pale pale, anamwangalia mtoto."

"Yuko wapi?"

"Gari la Tarime lilipiga honi, akapanda. Amesema nikuambie hakukasirika."

Nilikimbia, Mwita mgongoni, mikono ina mafuta. Barabarani palikuwa na vumbi tu. Nilikaa chini pale pale, nikalia mbele ya watu, na aibu sikuiona.

Umeelewa, mwanangu? Mmoja aliondoka kwa heshima, akaacha baiskeli kwa wema. Mwingine akaiona baiskeli, akakaa nje kwa heshima, akingoja itolewe. Na kila mtoto alipogonga kengele, yeye alidhani mwenye baiskeli yuko karibu, amegoma kumpisha. Mama yangu alipanda gari akiamini mkwe wake amemkataa. Na mimi niliyekuwa katikati yao nilikuwa napuliza moto.

Kwenye kifurushi kulikuwa na sukari na gauni la Bhoke, jekundu. Alilishona kubwa, lamfika kwenye vidole vya miguu, alivae mpaka akue.

Nikasema nitakwenda mwenyewe kumweleza, Mwita akianza kutembea. Kabla hajasimama, mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Watu walipita njia za panya, ndiyo, lakini mimi na watoto watatu na mimba nyingine ningekimbiaje askari? Nilituma maneno. Mfanyabiashara mmoja aliapa ameyafikisha, na yule alikuwa mtu wa kuapa kwa kila kitu. Mwingine hakurudi. Gauni likamfika Bhoke magotini, likambana, likavaliwa na mdogo wake wa kike aliyezaliwa baadaye, na mpaka bado umefungwa. Mama akafa mpaka umefungwa. Habari ilinifikia matanga yamekwisha, watu wameshanyoa nywele. Kama alikufa anajua au hajui, sijui. Sitajua. Watu huniambia muda unaponya, nami nawaitikia ili wanyamaze.

Marwa aliiuza ile baiskeli. Hakuniambia sababu, sikumwuliza.

Basi nasaha yangu ni hii, na usidhani inanifariji, nimeichelewa mimi. Heshima ya kunyamaza haitoshi. Ukimpisha mtu, tuma mtu akamwambie umempisha. Ukimngoja mgeni, usimngoje jikoni, mngoje barabarani, na wali uungue. Na mtoto akikuambia kuna mtu nje, ondoka ukaangalie. Yeye hana sufuria kichwani, anaona kilichopo. Sikukuu nyingi nimepika tangu siku ile, mwanangu, na hakuna chakula hata kimoja ninachokikumbuka ladha yake.

Mungu akuwekee watoto wako, na wanaokupenda wakija wakukute mlangoni. Asikuache uulize swali ambalo wa kulijibu ameshalala chini.

Haya, inuka. Mwanao anakuita huko mbele, hii ni mara ya pili. Vitunguu nitamenya mimi.