Blanketi la Mwalimu Method

Miaka ishirini na sita nimefundisha sayansi darasa la sita hapa Kawajense, na miaka yote hiyo nimewaambia watoto kwamba blanketi linatoa joto. Nilikuwa nasema kwa sauti nzito, nimeshika mkanda wa suruali. Hakuna aliyenibishia, nami nikadhani huo ndio usomi.

Mwaka huu nikauliza kwenye mtihani: "Blanketi hupata wapi joto la kumpa mtu?" Kabula, binti wa wafugaji, akaandika: "Halina joto. Linazuia joto la mtu lisitoke." Nikamwekea kosa kwa wino mwekundu. Alama hiyo moja ikamnyima nafasi kwenye timu ya maonyesho ya sayansi ya mkoa.

Akanifuata ofisini. "Shikamoo mwalimu. Naomba tupime."

"Marahaba. Tupime tu," nikasema, maana kiburi nacho hakina likizo. Nikanunua barafu mbili kwa Mama Rehani wa dukani, nikaja na blanketi langu kutoka kitandani. Barafu moja tukaiacha wazi kwenye sahani, nyingine nikaifunga kama mtoto mchanga. Nikalitangazia darasa zima kwamba ya blanketi ndiyo itatangulia kuyeyuka.

Baada ya saa moja na nusu ile ya wazi ilikuwa maji matupu. Nikafungua blanketi, barafu bado ipo, ngumu kabisa. Mnajua nilisema nini? Nilisema blanketi langu limechakaa, joto lake limeisha. Kesho yake tukarudia kwa blanketi jipya la mke wangu, zito. Likaitunza barafu vizuri zaidi. Nilitamani nijifunike hilohilo.

Nikachukua karatasi ya Kabula, nikafuta kosa, nikaweka vema, na jina lake nikaliingiza kwenye timu. "Nisamehe, mwanangu," nikasema mbele ya wenzake.

Akapokea karatasi, lakini hakwenda kukaa.

"Na ya baba, mwalimu?"

"Baba gani?"

"Baba yangu, Mwandu. Ulimfundisha hapahapa. Anasema alikujibu hivihivi, ukamchapa, na mwaka huo akaacha shule."

Sikumkumbuka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikamwomba namba, nikapiga simu nimesimama palepale.

"Mwandu, ni Mwalimu Method. Lile jibu lako la blanketi lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

Nikasikia ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Najua, mwalimu," akasema.