Mgongo wa Dada

Kazini walimwita Mama Upepo, na wala hakulichukia jina hilo. Kabla ya kugusa valvu yoyote pale visimani aliinua macho kwenye kitambaa chekundu juu ya mlingoti, akajua upepo unatoka wapi. Hata nyumbani hakuwasha jiko bila kulamba kidole na kukiinua hewani. Mumewe alisema ameoa mtabiri wa hali ya hewa. Wacheke tu. Mafuta ya visima vile yalitoka na gesi inayonuka kama mayai viza, na hatari yenyewe haiko kwenye harufu. Hatari huanza harufu inapokatika ghafla, maana hapo gesi imeshaua pua, inamfuata mwenye pua.

Ni yeye aliyemwombea kazi hapo mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Mama alikubali shingo upande. "Nakukabidhi," alimwambia. "Ukirudi bila yeye, usinibishie hodi."

Asubuhi ile huyo mdogo mtu, mwanamume mzima mwenye ndevu na ubishi wake, alishuka kwenye shimo lililo chini ya tangi kufungulia maji yaliyotuama chini ya mafuta. Kipimo chake cha gesi kilibaki garini kikining'inia kwenye kioo, eti humpigia kelele bure. Mama Upepo alikuwa juu ya tuta akisoma presha ya bomba. Akatupa jicho kwenye mlingoti. Kitambaa kilikuwa kimelala kama tambara la jikoni; upepo umekufa. Akafungua mdomo kumwita. Mdogo wake aligeuka, akamtazama, magoti yakalegea, akaanguka macho wazi.

Dereva wa lori la mafuta alishaanza kukimbilia shimoni. Mama Upepo akamdaka kwa ukosi wa shati.

"Niache! Ndugu yako anakufa!"

"Ukishuka mtakufa wawili. Panda kule juu, piga simu!"

Kisha akamgeuzia mgongo mdogo wake, akaenda. Wala hakukimbia, kwa sababu anayekimbia huhema, na anayehema huvuta hewa yoyote aliyoikuta. Alitembea kuelekea kibanda cha mitungi ya hewa, na kila hatua moyo ulimwambia geuka, wewe ni binadamu gani. Sijui mtu hutoa wapi nguvu za kutembea hivyo.

Kibandani alivua mtandio, akabeba mtungi, akavaa barakoa. Ukanda ukanasa kwenye hereni. Akauvuta, sikio likachanika, akakaza. Akaziba njia ya hewa kwa kiganja na kuvuta pumzi. Barakoa ikamgandia usoni. Haivuji. Ndipo akarudi, akashuka shimoni, akamshika mdogo wake makwapani na kumburuta hadi juu, huku akilia ndani ya kioo cha barakoa. Akamkandamiza kifua, akamtukana, akamsihi, akamkandamiza tena. Mwishowe mdogo wake akakohoa.

Lakini maneno yana mbio kuliko gari la wagonjwa. Mama Upepo alipofika hospitali, sikio limefungwa bandeji, mama yake alikuwa ameshasimuliwa yote na dereva, kwa jicho la dereva.

"Ulimpa mgongo," mama alisema mlangoni pa wodi. "Mtoto wa watu, asiye hata wa ukoo, alitaka kumfuata. Wewe dada mtu ukaenda zako, unatembea kama uko harusini. Kweli, uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Mama, nilikwenda kuchukua..."

"Usiniite mama."

Ni kweli alitembea. Akakaa kwenye benchi la korido, na neno lile likamuuma kuliko sikio.

Jioni nesi alisema mgonjwa ameamka. Mama akatangulia. Mama Upepo akasimama nyuma, karibu na mlango, hajui mikono aiweke wapi.

"Mwanangu, unakumbuka chochote?"

"Nakumbuka." Sauti ilikwaruza. "Nilishindwa kuinuka. Nikamwona dada ananitazama. Nikaogopa, mama. Niliogopa atanikimbilia."

Akavuta hewa ya mashine.

"Halafu nikaona mgongo wake. Nikajua atarudi."

Mama alimnyooshea shuka. Kisha akageuka, akamsogelea binti yake pale mlangoni, akaigusa ile bandeji kwa ncha za vidole.

"Na hapa," aliuliza, "umeumizwa na nini, mwanangu?"