Saa Saba ya Mama Sia

Jumatano ile msusi Sikujua alikuwa anamalizia kusuka mteja wa mwisho. Mama Sia, mwenye saluni, alikwisha kubeba mkoba wake, na pale mlangoni akageuka kama mtu anayeaga tu.

"Mdogo wangu, kuanzia wiki hii Jumapili tunaongeza muda. Tutafungua mpaka saa saba. Hapa Umbilo Road mtaa mzima wanauza, sisi tumelala. Wateja wanatupita tukiwatazama."

Akatoka zake. Sikujua akabaki na kitana mkononi.

Zamani Jumapili walifungua asubuhi tu, kwa ajili ya akina mama wanaotaka kichwa kizuri kabla ya ibada. Mteja wa mwisho akitoka, mlango unafungwa, hakuna anayetazama saa. Sasa hii saa saba ilikuwa jambo jingine.

Ewe msomaji wa Dar au Mombasa, najua unashangaa. Saa saba si ni mchana tu, jua utosini? Kwako ndiyo. Lakini Sikujua alizaliwa Lubumbashi, na kwao saa huhesabiwa jinsi mshale unavyoonyesha: mchana kati ni kumi na mbili, na saba ni saba, jua limekwisha kuzama. Mama Sia ni mtu wa Moshi, anahesabu tangu kunakucha. Miezi yote waliyofanya kazi pamoja, habari za saa walizisema kwa Kiingereza, kwa sababu ya wateja. Siku hiyo moja Mama Sia akasahau, akasema kwa Kiswahili.

Basi Sikujua akaenda nyumbani na moyo mzito. Kanisa lao la Wakongo halikuwa na jengo. Waliazima ukumbi wa wazungu, nao Wakongo waliingia mchana, wazungu wakishamaliza ibada yao. Sikujua ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, zile za nyumbani ambazo hazimo katika kitabu chochote. Wiki nzima katika mji huu wa ugenini alisema na wateja kwa vidole na Kiingereza cha kuokoteza. Mchana wa Jumapili ndipo alipokuwa mtu mzima, mwenye sauti yake. Na upande wa pili, Mama Sia ndiye aliyempokea wakati milango mingine yote ilipofungwa. Kumwambia hapana mtu wa namna hiyo ni kazi.

Mume wake, Ildephonse, alikuwa analinda magari ya watu nje ya maduka kule mtaa wa Berea, kwa bakshishi. Alisikiliza habari yote huku anavua viatu.

"Sasa unalia nini? Huku watu wananunua Jumapili. Hata mimi, Jumapili ndiyo inanilisha. Wanakuja na watoto, wako na furaha, hawabishani."

"Na wewe uliingia kanisani lini, baba?"

"Usinichokoze."

"Sikuchokozi. Naogopa nitakuwa kama wewe."

Ildephonse akacheka kidogo. "Basi Mungu atakuta nyumba nzima iko kazini. Atatuma malaika wasimame kwenye foleni."

Sikujua hakucheka. Hakuwa mtu wa kuhukumu wauza duka. Yeye mwenyewe Jumapili alishanunua mkate, na anayenunua hawezi kumlaumu anayeuza. Tena alijua wapo manesi na madereva ambao Jumapili yao ni kazi, na Mungu anawajua kwa majina. Lakini mtu akinyang'anywa siku yote, apumzikie wapi? Usiku alipiga magoti, akaomba kinywa cha kusemea.

Jumamosi, wateja walipokwisha, akaweka ufagio ukutani.

"Mama Sia, naomba tuseme kidogo."

"Sema, mdogo wangu."

"Ile saa saba ya Jumapili mimi sitaweza. Unitafutie mtu wa kunishikia. Kama hakuna wa Jumapili peke yake, basi utafute wa siku zote. Sitakasirika. Umenitendea vizuri sana."

Mama Sia akakaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, mkoba mapajani. "Unaacha kazi kwa ajili ya saa saba? Saa saba una nini?"

"Kanisa."

"Kanisa lenu si linaanza baada ya wazungu kutoka?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa si utakuwa umeshatoka hapa? Tena umekula, umebadilisha na nguo."

"Nitatoka namna gani? Saa ile magari yote yamewasha taa."

Mama Sia akamtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Sikujua. Taa za nini saa saba?"

"Iko giza."

"Giza la wapi?"

Sikujua akainua kidole, akaonyesha saa ya ukutani, tarakimu ya saba, kule chini. Mama Sia akafuata kile kidole. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Yesu wangu. Mimi nasema ile ya juu, pale penye moja. Kwetu hiyo ndiyo saa saba. Ya mchana, mwanangu."

"Ya mchana?"

"Ya mchana. Eish. Ndiyo maana yule Léonard, Mkongo mwenzako, nilimwita atengeneze bomba saa nne, akaja jua limeshapinda. Nikamnunia wiki nzima, maskini ya Mungu." Akaanza kucheka, mabega yakitikisika. "Na wewe ukaniona mimi mtu wa kufungua duka usiku wa Jumapili? Mlutheri mzima mimi?"

Sikujua naye akacheka, na kicheko kikageuka machozi bila kumuuliza. Akavuta taulo lililokuwa karibu.

"Usilie juu ya taulo safi," Mama Sia akasema, lakini akamwachia. Baadaye akaongeza, kwa sauti ya biashara kidogo, "Sikuahidi milele, lakini. Jirani wakianza kufungua mpaka jioni kweli, tutaongea tena."

"Tutaongea, mama. Lakini kwa Kiingereza."

Kesho yake walifunga jua likiwa kali. Sikujua akateremka barabara bila haraka, akafika ukumbini wazungu bado wanaagana nje. Akakaa kwenye ukuta mfupi, akala mkate wake, miguu inaning'inia kama ya mtoto. Wenzake wakaja mmoja mmoja, wakaingia, wakapanga viti. Alipoanzisha wimbo wa kwanza, furaha ilipandisha sauti yake juu mno, hakuna aliyeweza kumfuata. Mchungaji akakohoa. Sikujua akaomba radhi, akavuta pumzi, akaanza tena chini kidogo, na kanisa zima likaitikia huku linacheka.