Saa ya Marehemu Antoine ku Munada ya Mavuno

Naapa kwa kaburi ya baba yangu, hii yote ni kweli tupu. Mwenye hasadiki aende mu mtaa yetu ya Nyakasanza, aulize ile saa ilinikula nini.

Ndiyo, saa ya mukono. Na iko na meno.

Ilikuwa ile myaka bunduki zilinyamaza, lakini watu walikuwa bado wanalala na viatu. Mabati ya kanisa yetu yalikuwa yameibwa. Basi, siku ya mavuno, kila mutu akaleta kitu ya kuuzwa ku munada: mihogo, kuku, nanasi za kijiji ya Boga. Makuta, ni kusema feza, ilikuwa haionekane, tulinunua kitu kwa kitu.

Mama Adèle akaleta saa ya zamani ya marehemu bwana yake, Antoine.

Shemasi Hippolyte, mwenye kuuzisha, akaniita mbele. Eti muzee Laurent anajua saa, apime kama hii ni ya kweli ao ya bandia.

Nani alinifundisha? Hakuna. Tangu retraite, kuacha kazi juu ya uzee, nilikuwa nafungua saa za majirani. Zingine zilirudi nzima.

Nikaiweka ku sikio. Ilikuwa inakimbia kama panya mu mahindi. Bandia ya pile, ya betri, inapiga tik, inapumzika, tik. Nikafungua mugongo na kisu: jina ya ndani na jina ya uso ni moja. Nukta za uso zimegeuka rangi ya chai. Ya Waswisi, tena inanipita myaka.

Niliitaka, mbaya sana.

Nikakunja uso kama munganga mwenye kuleta habari mbaya.

"Mama, pole. Ni bandia. Lakini juu ya urafiki na marehemu, natoa kuku."

Nani atabisha na mujuzi? Kuku ikaenda, saa ikapanda ku mukono yangu.

Kumbe nilisahau desturi yetu. Ku mavuno, mwenye kushinda kitu anairudisha kwa Mungu, inauzwa tena. Nanasi moja inaweza kuuzwa mara tatu mbele ya kuliwa.

"Muzee, unarudisha?" Hippolyte akauliza.

Mukono ukaingia mu mufuko yenyewe.

Mama Adèle akanisogelea pole-pole.

"Laurent, mwaka jana ulirudisha jogoo muzima. Leo takataka ndiyo inakushinda?"

Nikasema mukanda umekwama. Hapo watu walicheka mupaka pasta akaficha uso na Biblia.

Saa ikarudi ku meza. Dadake Adèle, Dorothée, akatoa mbuzi dume. Ningefanya nini? Nikatoa jike yangu, yenye mimba, na saa ikabaki kwangu.

Inje, nikamuuliza Adèle alijuaje kama saa ni ya kweli, mupaka dada yake akatoa mbuzi.

"Mimi? Sijuake saa, baba. Hata Antoine hakujuaka. Nilikuwa napima sura yako."

Wadogo zangu, shikeni hii: mukitaka kujua kitu iko na bei, muachane nayo. Muangalie mwenye anaisema vibaya, kama anakubali kuiachilia.

Nikafika nyumbani, nikafungua mbuzi ya kupeleka kanisani. Bibi yangu wa ndoa, Joséphine, alinisaidia kuisukuma inje, kisha akanisukuma na mimi nyuma yake.

Hajanisemesha mupaka leo.