Nyasi Juu ya Mpaka

Napenda sifa. Naliweka hili mbele kabisa ili msomaji asipoteze muda kunitafutia sababu nzuri zaidi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule moja ya msingi kati ya Kamachumu na Nshamba, na kibanja changu kilikuwa safi kuliko vyote vilivyopakana na njia ya kwenda kanisani. Jumapili baada ya misa nilitembea polepole makusudi ili watu wapate nafasi ya kukitazama na kusema. Nao walisema. Nilijifanya sisikii, na sikukosa hata neno moja.

Kibanja kwetu ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na humohumo ndimo tunamozika watu wetu. Kibanja chetu na cha jirani kilikuwa kimoja zamani, kisha babu mmoja akakigawa kwa wanawe wawili. Mume wangu alikuwa mjukuu wa upande mmoja, jirani yetu mjukuu wa upande wa pili. Katikati ulisimama mstari wa milamula, ile mimea yenye majani marefu inayopandwa mbele ya wazee kuonyesha mwisho wa mali ya huyu na mwanzo wa mali ya yule. Haifi kirahisi, ndiyo maana inatumiwa. Niliolewa nikaikuta, na kwa miaka mingi nilianika nguo juu yake bila kufikiri.

Vita na Uganda vilipokwisha, vijana wengi waliingia kwenye magendo ya mpakani, na jirani yetu alikuwa mmoja wao. Alileta vitambaa, sabuni na redio. Watu wakasema baadaye kwamba alileta na ule ugonjwa wa kukonda. Labda alileta, labda hakuleta. Siku hizo tulishughulika zaidi kujua nani kauleta kuliko kujua nani hajapata uji tangu asubuhi. Alikufa akiwa hajatimiza hata miaka arobaini, na kabla kaburi lake halijakauka vizuri mke wake naye akaanza kukonda. Walikuwa na watoto wawili wa kike. Mkubwa alikuwa darasa la sita. Mdogo alikuwa darasani kwangu, benchi la mbele, kwa sababu alikuwa mfupi.

Tulikuwa na bujuni yetu, yaani kikundi cha kusaidiana. Kazi yake ya asili ilikuwa misiba: kubeba maji, kuni na ndizi kwenda kwa mfiwa, na kutandika nyasi sakafuni ili watu wapate pa kukaa. Kwa desturi, maiti akiwa hajazikwa hakuna anayeshika jembe. Sasa misiba ilifuatana kiasi kwamba wiki nzima ilipita majembe yamelala, na magugu yakatushinda. Tulikuwa tunawahudumia wafu vizuri sana huku walio hai wakilala njaa. Kwa hiyo akina mama tukakutana kigangoni tukakubaliana kwamba bujuni itawatunza pia wagonjwa na watoto wanaobaki. Kila nyumba yenye yatima itembelewe kwa zamu, kibanja chake kipaliliwe kwa zamu, na wanaokwenda wawe wawili wawili.

Zamu hizo ndizo nilizoziharibu. Nyumba ya jirani yangu ilipotajwa nilisimama nikasema, "Hawa niachieni mimi. Ni damu ya mume wangu, na mlango wao unatazama mlango wangu. Msihangaike kuja." Mwenyekiti wetu alisita, akasema utaratibu ni watu wawili. Nikamjibu kwamba utaratibu ni kwa wasiojiweza. Wakacheka, wakanipigia makofi. Nikakaa chini nimejaa furaha hadi masikioni.

Na nilifanya kazi, hilo siwezi kulikana hata nikitaka. Kila siku nikitoka shule nilivuka milamula. Nilikata majani makavu ya migomba, nikapunguza machipukizi, nikaenda rweya, huko kwenye mbuga nje ya kijiji, kukata nyasi za kufunika udongo. Watoto walikwenda nami. Mkubwa alibeba mzigo sawa na wangu. Mdogo alibeba kifungu chake kidogo kichwani, nyasi zikimfunika macho, akitembea kwa kufuata visigino vya dada yake. Kabla ya giza nilimnywesha mama yao maji au uji. Mikono yake ilikuwa haiwezi tena kushika kikombe, hivyo nilikishika mimi, yeye akanywa taratibu. Siku moja alisukuma kikombe kwa kidevu akaniambia, "Mawe," yaani mama, "nikiondoka, hawa wasitoke hapa. Wakitoka hapa wamekwisha."

"Hawatatoka," nikasema. "Mimi nipo."

Akarudi kwenye kikombe akamaliza maji yote.

Tulimzika kando ya mumewe. Mama yake mzazi alikuja kutoka upande wa Nshamba, mzee mwenye miguu mibovu, akataka kuwachukua wajukuu. Bujuni ikamwomba awaache kwao, kwenye ndizi zao na karibu na shule yao. Walimwambia yupo mtu mzima wa kuwaangalia, nao wakanigeukia. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Alinunua kahawa ya wakulima, na alizoea kutazama kitu akakikadiria uzito kabla ya kusema lolote. Alinitazama nikivuka na kurudi kwa muda wa misimu miwili. Mara moja tu alisema, "Upande ule umependeza kuliko wetu." Nami kwa ujinga wangu nikalichukua hilo kuwa sifa nyingine.

Kisha akaitisha baraza la ukoo.

Wazee walikaa uani kwetu, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiwa kwenye vibuyu. Mume wangu alieleza kwamba marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kwamba wasichana wataolewa kwingine, na kwamba kibanja cha babu hakiwezi kuachwa kiwe pori. Kumbe alijua watakachosema. Mzee wao, mtu wa haki kwa kiasi alichofundishwa, alijibu, "Yatima hatuwafukuzi. Kama watoto hawa wanaweza kukitunza kibanja cha baba yao, wakae mpaka waolewe. Kama kinatunzwa na mtu mwingine, apewe huyo, na watoto waende kwa bibi yao. Ukoo hauwezi kulisha nyumba mbili."

Watoto walikuwa wamesimama karibu na jiko, mikono nyuma, kama walivyofundishwa. Asubuhi ile mume wangu aliniambia jambo moja tu: "Ukiulizwa, sema kweli."

Mzee akaniuliza kwa heshima, "Waitu mwalimu, nani anatunza kibanja kile?"

Nimewafundisha watoto wadogo nusu ya maisha yangu. Najua mtoto anavyojisikia anapoulizwa swali analolijua. Mkono unapanda wenyewe.

"Mimi," nikasema.

"Nani alikata migomba, nani aliweka nyasi?"

"Mimi."

"Na wale wanawake wa bujuni?"

"Hawaji. Niliwaambia wasije."

"Mwanamke huyu!" mzee akasema, akawageukia wenzake. "Mnasikia? Shule, nyumba, na vibanja viwili!" Wakapiga makofi. Na hapa ndipo ninapoona aibu hata ya kuandika: niliyasikia makofi kabla sijaelewa nilichokuwa nimefanya. Kwa muda mfupi, labda wa kuvuta pumzi mbili, nilifurahi.

Halafu nikawaona watoto. Viganja vya yule mkubwa vilikuwa vimechanwachanwa na nyasi, nami niliviona vizuri maana alikuwa ameitoa mikono mgongoni akaishika mbele, viganja juu, kama anayenionyesha. Neno lililobaki lilikuwa dogo. "Pamoja na hawa." Hata darasa la pili wangeweza kuliandika. Nilimtazama mume wangu, na yeye akanitazama. Nikafikiri nitarudi ndani ya nyumba yake, nitakula mezani kwake, na wanangu wa kiume wawili watahitaji ardhi siku moja. Ndiyo, nililifikiria hilo pia. Nikanyamaza, na mzee akamaliza shauri.

Watu walipokuwa wanaondoka, yule mkubwa alinifuata jikoni.

"Mawe, mbona hukusema na sisi tulikuwepo?"

"Hawakuniuliza," nikamjibu.

Nimesema maneno mengi mabaya maishani kwa hasira, na mengi nimeyasahau. Hili nililisema kwa sauti ya upole kabisa, na silisahau.

Siku ya tatu walichukua godoro na sufuria mbili wakaenda Nshamba kwa miguu, bibi yao akiwa mbele na mkongojo. Mdogo alinirudishia kitabu cha shule cha kusoma, kimefungwa kwa gazeti kisichafuke. Akina mama wa bujuni walipokuja kuniuliza, niliwaambia ukoo umeamua. Mwenyekiti akasema, "Ndiyo maana tulisema wawili wawili." Baadaye nilisikia bibi amezidiwa na miguu, mdogo ameacha shule amuuguze, mkubwa analima vibarua. Mara kadhaa nilipanga kwenda kuwaona. Nilifika Nshamba sokoni mara nyingi tu, nikanunua nilichofuata, nikarudi.

Mume wangu aling'oa milamula mwenyewe, mmoja mmoja, kwa shoka na jembe. Yalibaki mashimo. Nikaenda rweya, nikakata nyasi, nikayafunika mashimo hayo kwa mikono yangu mwenyewe. Mvua iliponyesha mara mbili hapakuonekana kitu.

Ikapita miaka. Mume wangu naye akakonda. Tulisema ni kifua, na majirani, ambao walikuwa wameshajifunza, wakakubali kwamba ni kifua. Alipokufa, bujuni zikaja kutoka kila upande, na siku ya pili wakafika wanawake wa upande wa Nshamba wamebeba nyasi, maji na ndizi. Nilikuwa nimekaa sakafuni nimejifunika kanga. Mmoja aliingia, akashusha mzigo wake wa nyasi, akaanza kutandika pembeni yangu bila kuinua uso. Niliijua ile mikono kabla ya sura.

"Pole, Mawe," akasema.

Alikuwa yule mkubwa, sasa mama mtu mzima. Alikuwa ndiye kiongozi wa kikundi chao, ile kazi ya kutembelea nyumba za yatima wawili wawili, na wenzake walimsikiliza.

Desturi ni kwamba ndizi zilizoletwa zikiisha, watu hukata kwenye kibanja cha mfiwa. Siku ya tatu ziliisha. Akaja mlangoni na panga akauliza, "Mawe, tukate wapi?" Nikasema popote. Nikawasikia wakienda, nikajisogeza kwenye dirisha. Walikata mkungu mmoja, wa pili, wa tatu, wakisonga mbele. Kisha akasimama ghafla. Alikuwa amefika pale pale ulipokuwa mstari. Hapakuwa na alama yoyote, ni nyasi tupu, lakini miguu yake ilijua. Mwenzake akamwonyesha migomba ya mbele yake, iliyobeba mikungu mizito kuliko yote.

"Hizo acheni," akasema. "Si za mwenye msiba."

Hakusema kwa sauti kubwa, wala hakugeuka kuangalia dirishani. Wanawake wakarudi na mikungu mitatu midogo, nasi tukapika hiyo, haikutosha.

Siku ya kuondoa matanga, wazee wa ukoo walikaa tena uani, wengine wakiwa wapya, mzee akiwa yule yule, sasa haoni vizuri. Aliuliza kama desturi inavyotaka: mwenye dai juu ya marehemu aseme. Nilimtazama yule mama. Alikuwa anasugua sufuria. Mzee akangoja kidogo, akataka kuendelea na kumtaja mrithi.

Nikasimama. Nikasema upande wa pili wa kibanja si wetu. Nikasema siku ile waliponiuliza nilijibu nusu, kwamba watoto walibeba nyasi kama mimi, kwamba nilimwahidi mama yao nikimshikia kikombe. Nilisema yote, hata mashimo ya milamula.

Kisha mwanangu mkubwa akainuka akanishika mabega. "Mama amechoka," akawaambia wazee. "Hajala siku nne." Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Mae, msiba ni kitu kizito," akasema. "Mpeni maji mama yetu. Jambo lile yeye mwenyewe alilithibitisha mbele yangu, akiwa na akili zake zote." Wakaendelea. Kibanja chote kikatajwa kuwa cha wanangu.

Aliyeleta maji alikuwa yeye. Mikono yangu ilishindwa kushika kikombe, akakishika, nikanywa taratibu.

"Wamesikia," nikamwambia. "Umenisikia nikisema?"

"Nimesikia, Mawe," akasema. "Kunywa."

Aliosha kikombe, akabeba panga lake, akaondoka na wenzake kabla jua halijawa kali. Wanangu wanacho kibanja mpaka leo. Mimi nakaa nao, na ndizi ninazopikiwa kila mchana zinatoka upande ule.